Kanisa Lisilo na Paa

Langoni walituuliza vitambulisho:
mwenyeji ana bei yake, mgeni ana yake.
Shangazi Ketura akafungua pindo la leso
akatoa chake polepole, kama atoaye sadaka.
Ana miaka sabini na tisa, hajawahi kuingia Ngomeni.
"Sisi wa Kisauni tuliipita tu," akasema,
"kama upitavyo nyumba ya mdeni wako
siku ambayo huna nguvu za kudai."

Hilo kanisa, ukilitafuta kwa macho ya picha, hulioni.
Ni msingi wa matumbawe, umefika gotini,
majani makavu, kifuniko cha soda,
na pale penye madhabahu
mjusi kafiri (msinicheke, ndilo jina lake)
anaota jua.

Shangazi akavua viatu.
Akasita. Akacheka peke yake.
"Nimeishi na majirani zangu mno,
hata sijui tena ipi adabu yao, ipi yetu."
Hakuvivaa.

Akapima kwa nyayo, kisigino mbele ya kidole,
toka mlangoni akihesabu kwa sauti.
Kwenye arubaini na moja akasimama.
"Hapa walikaa wenye panga.
Hapa wake zao, kama walikuja nao.
Na aliyeyabeba mawe haya kichwani toka ufuoni,
hebu nionyeshe, alikaa wapi?"
Nikatazama huku na huku. Nikaonyesha nje, juani.
"Basi na sisi ni huko."

Tukakaa nje ya ukuta usiokuwapo
tukila mahamri yaliyopoa.

Mara watoto wa shule, sweta za kijani na joto lote lile,
wakauvamia msingi, wakarukaruka, wakapiga makelele.
"Nyie! Mko kanisani!"
Wakanyamaza, wote kwa pamoja,
wakainua nyuso kulitafuta paa.
Sijui waliona nini.
Mimi niliona kunguru wawili na weupe wa saa saba.
Mmoja wao, mdogo, jino la mbele halipo,
akavua kofia akaishika kifuani,
wala haikujulikana anamvulia nani.

Shangazi akamwita, akampa hamri la mwisho.
"Shika, mbeba mawe."
Mtoto akadhani ni jina lake jipya.
Akaitika.