Pua Haina Dhambi

Zimebaki siku tisa.
Kitabu nimekitandaza juu ya mkeka, ukurasa wa harufu,
na penseli imenikwama kwenye neno *gusiberi*.
Mwalimu alisema kwa simu: tunda, la kijani, chachu.
Nikaandika pembeni: embe changa, ya kuiba, na chumvi.

Violeti nikaivuka.
Jiwe lililolowa nikalielewa: sakafu ya stesheni, mvua ikishapita.
Rizlingi ya miaka mingi, kinasema kitabu, hunuka mafuta ya taa.
Nikacheka peke yangu.
Darasa la saba nililisomea koroboi,
asubuhi napenga kamasi nyeusi.
Kumbe ule ulikuwa utangulizi.

Zamu ikiisha hotelini, Raskazone,
narudi Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
na vichupa vya dawa ya kikohozi mfukoni,
kila kimoja na kidole kimoja cha divai
ambayo wageni hawakuimaliza.
Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, akasimama mlangoni:
"Ndani ya nyumba yangu, Mhina?"
Nikamweleza: kuna mtihani, kuna cheti, kuna mshahara;
tunanusa, tunaonja, tunatema.

Alinyamaza kama anayehesabu chenji.
Yeye ni muuza udi. Huchoma kipande, akakwambia
kilikaa kwenye sukari siku ngapi, na sukari ya nani.
"Vichupa vyako vitalala banda la kuku," akasema.
"Lakini pua haina dhambi. Lete kitambaa."

Tangu hapo ananifunga macho kwa kanga iliyochakaa,
ananisogezea vikombe vya kahawa, kimoja kimoja.
Iliki ya Amani. Rahisi.
Pilipili manga. Rahisi.
Ganda la chungwa la Muheza, bichi;
kisha lile lile, lililokauka juu ya bati.
"Hao ni kijana na babu yake, usiwaite jina moja."
Karafuu nikaiita mdalasini,
nikapata kofi la kisogoni, dogo, la kimasomo.

Utaratibu haukai kichwani mwangu bila vina,
kwa hiyo nikajitungia, naukariri nikisugua glasi:

Macho kwanza, kisha pua, ulimi uje mwishoni,
Rangi ukishachambua, izungushe gilasini,
Uchachu utaujua, mate yakija kinywani,
Ukakasi huchubua, kama ndizi ya mtini.

Jana usiku akanisogezea kikombe kingine.
Nikavuta. Nikanyamaza.
Ghala la mkonge, mvua za Mei, bati limetoboka,
baba anageuza marobota na chini yake kuna ukungu mweupe,
msimamizi anasema haya hayauziki, utakatwa,
na baba anapangusa mikono kwenye kaptula,
mikono ambayo haikutoboa bati.

"Hii si harufu ya kitu," nikasema.
"Ni harufu ya kitu kilichoachwa kiharibike."

Akanifungua macho. Ndani ya kikombe: kipande cha gunia na gazeti,
alivilowesha, akavifungia mkebeni wiki nzima,
kwa sababu nilimsomea ukurasa wa mia na nne:
kizibo kibovu huiua divai kimyakimya,
na mhudumu asipojua, mgeni hulipia maiti.

"Hilo," akasema, "hukulisoma kitabuni."

Sasa zimebaki siku mbili.
Yule mto wa Ujerumani bado unanipinda ulimi.
Gusiberi sijaiona, na kwenye karatasi ya majibu
hakuna mstari wa embe changa wala wa ghala;
nitaandika maneno yao, nikinusa kwa yangu.

Kuku wamegoma kutaga tangu vichupa vihamie bandani.
Bi Mwanamkuu anaandika hesabu ukutani kwa mkaa:
mayai kumi na manne hadi leo,
na nitayalipa, anasema,
nifaulu nisifaulu.