Siku Kumi na Moja

Walikuwa ishirini na sita,
majoho meusi yangali na mikunjo ya dukani,
na Ghaniya wangu wa nne kutoka mlangoni,
mkono wake juu ya msahafu umetulia
kuliko wangu juu ya mkoba.
Wakaapa kwa Kiarabu.
Mie kiapo nikakisikia kwa Kiswahili,
kwa sauti ya bibi yangu wa Wete
ambaye kabla ya kuapa alifunga mtandio kwanza:
sitamdhulumu mtu, sitaficha haki niijuayo.
Niijuayo.
Hapo nikapaliwa. Mama mmoja wa Nizwa akanipa maji.

Kwetu Mabela, tangu mfungo uishe,
hapana mazungumzo mengine.
Duka la dhahabu limevunjwa Barka.
Mbuzi kumi wa Bi Shinuna wamepakiwa pikapu usiku,
hata mmoja hakulia.
Kila ukuta umeota kamera,
na kwenye kahawa, sahani ya halua ikizunguka,
wanawake wanasema: wakatwe mikono, wakatwe!
Kisha wakanigeukia:
"Na mwanao ndo kasomea kuwatetea?"
Nikamimina kikombe pomoni,
jambo asilolifanya mwenye adabu.

Mwaka juzi, Julai, joto nyuzi arubaini na saba,
walinikatia mabomba ya shaba ya viyoyozi,
yote matatu, kwa wauza vyuma chakavu
hayafiki riali tisa.
Tukalala garini, injini inanguruma,
mama mkwe na kitambaa kibichi kifuani.
Asubuhi nilitaka mtu.
Sisemi mwizi. Mtu.
Akapita Shafikul, muosha magari,
ndoo mkononi, tambara begani,
nikanyoosha kidole.
"Umemwona?" askari akauliza,
kijana mpole, kalamu yake imekauka, anaitikisa.
Nikasema: nimemwona.
Nilichokiona ni ndoo.

Siku za mwizi arubaini, ndivyo tusemavyo.
Za asiyeiba zilikuwa kumi na moja.
Ya kumi na mbili wakashikwa wengine Suweki
na lori zima la shaba, na yangu imo,
na ile rangi ya buluu niliyoipaka mwenyewe kwenye maungio.
Akatoka. Wakili hakuwa naye,
nani angemlipia?
Akarudi na ndoo ile ile.
"Salaam, mama."
Hakudai kitu. Mtu hudai akimjua mdeni wake,
na jina langu hakuna aliyemwambia.
Tangu hapo namuongeza riali mbili kila mwezi.
Anadhani mie mkarimu.

Picha zikapigwa, tende zikaliwa,
tukaondoka Khuwair jua la saa saba.
Faili lake la kwanza nimelipakata mimi:
kijana wa Rustaki, anashitakiwa kuvunja duka la simu.
"Mashahidi watatu, mama," anasema, macho barabarani,
"wote wanasema wamemwona.
Nami najiuliza, walimwona, au walikuwa wamechoka kutafuta?"
Hakujua alisemalo.
Siku zile alikuwa chuoni, bweni lina ubaridi wake,
nami kwenye simu nilimwambia
tumeibiwa, tumepata fundi, alhamdulillahi.

Kioo cha mbele kinang'aa.
Shafikul amekisugua alfajiri kabla ya sala,
akasema leo siku ya dada, leo bure,
nami nikakubali. Nikakubali!

"Ghaniya, egesha."
Akaegesha penye kituo cha mafuta, Mawaleh.
"Kizunguzungu?"
"Namjua shahidi mmoja wa uongo."
Akanicheka kidogo, kisha akaniangalia,
kisha akaacha kucheka.
Joho lingali mabegani.
Akazima redio.
"Anzia mwanzo, mama. Usiruke."
Akatafuta kalamu ndani ya mkoba,
akaijaribu pembeni mwa bahasha.
Yake ilikuwa na wino.