Skafu na Fulana

Saa kumi na moja alfajiri, Songwe.
Ukungu umelala kwenye njia ya ndege
kama mgeni aliyelewa, hana haraka ya kuamka.
Shingoni nina skafu ya bluu ya Korongo,
shirika la miaka thelathini na saba,
lenye chai, korosho, na gazeti la jana.

Saa tatu nitaivua.
Nitavaa fulana ya njano iliyoandikwa Chiriku,
nitageuza kibao kilicho juu ya kichwa changu
(mgongoni kilishapakwa rangi)
na nitauza anga lilelile
kwa nusu ya nauli, bila korosho.

"Lilelile?" aliuliza Bi Subilaga wa Uyole,
amevaa makoti mawili na kitenge juu,
maana Chiriku anapima mzigo, hapimi mtu.
"Mkia mmeupaka rangi, tumbo si ni lile?
Kwa nini ndege moja iwe na majina mawili?"

Nikamjibu kama tulivyofundishwa Iringa,
na bwana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka:
Amekuja mgeni kutoka Dar, nauli yake ya kutupa,
viti vyake vinajaa kama kanisa siku ya Pasaka.
Korongo akishusha bei, wakubwa watauliza:
kumbe miaka yote hii mlikuwa mnatuchuna?
Na jina likishashuka, halipandi tena.
Basi aingie ulingoni mtoto,
arushe ngumi, achafuke,
mama abaki barazani na heshima yake.

Alicheka mpaka koti la pili likafunguka.
"Hayo ndiyo mliyolalia hotelini kujifunza?
Viazi vyangu vikubwa huenda kwa wenye mahoteli,
gunia limeshonwa kwa uzi mweupe, jina langu ubavuni.
Vidogo, na vilivyokatwa na jembe,
anauza mwanangu Tumpale pale Sido, kwa ndoo.
Wa hoteli wakiniuliza, simjui.
Shamba moja, jembe moja.
Mvua ya Isyonje haijawahi kuuliza
kiazi hiki kinakwenda kwa nani."

Akanyamaza, akafunga kifungo.
"Ila juzi nilipita Sido,
nikamkuta mpishi wa hoteli ameinama kwa Tumpale,
anachagua. Na ndoo kaja nayo mwenyewe."

Nikaitazama foleni ya njano.
Mhandisi wa mkoa, Korongo damu,
aliyekuwa akinidai kiti cha mbele kwa jina,
alikuwa wa nne kutoka mwisho,
amejikinga uso kwa faili.

Julai ikaja na baridi yake ya kung'ata masikio,
ikaja na bahasha.
*Hongera, Lugano, umechaguliwa kujiunga na Chiriku.*
Mkataba mpya. Posho ya nyumba, hakuna.
Mshahara, theluthi mbili ya ule wa zamani.
Miaka yangu kumi na mmoja ilibaki kwa mama,
inazunguka kama sanduku lisilo na mwenyewe.

Hili yule bwana wa Iringa hakulisema:
kwamba mtoto huzaliwa hana madeni ya mzazi,
na hiyo ndiyo sababu ya kumzaa.
Usiku ule Mbalizi, kwa mwanga wa simu,
nilipiga hesabu ya nusu ya nauli,
imetoka wapi, imepunguzwa nini.
Korosho ni senti.
Iliyopunguzwa ni mimi.

Leo ukungu umekataa kabisa kuondoka.
Hairuki ya bluu, hairuki ya njano,
abiria wa bei mbili wamebanana benchi moja,
wanatazama weupe uleule dirishani.
Fulana ya Chiriku haina mikono mirefu,
nimeirudia skafu ya Korongo, nimeizungusha mara mbili.

Bi Subilaga amefungua kopo la viazi vya kuchemsha,
vidogo, vya ndoo, vina chumvi nzuri.
Ananinyooshea kimoja, kisha anakirudisha nyuma:
"Kwanza niambie. Leo wewe ni wa nani?"

Nikajitazama kifuani
kabla ya kujibu.