Muhuri wa Kiazi

Mvua ya Chiloé haina adabu ya kubisha hodi.
Iliingia darasani mwezi Machi, ikaketi mstari wa nyuma,
na kufikia Juni ilikuwa imesoma vitabu vyetu vyote,
ikavivimbisha, ikavibandua gundi,
na kile cha bata bukini aliyepotea ukunguni
ikakinyofoa ukurasa wa mwisho.

Watoto wanakijua kwa moyo:
*Bukini akalia mara moja. Akalia mara mbili.
Kwa mbali, nyuma ya ukungu, akasikia* —
na hapo ni jalada tu, na duara la kikombe changu cha chai.

Amaro Nahuelquín, miaka saba,
anaandika kama aliyesimama upande wa pili wa dirisha.
p yake inaupa mstari kisogo.
b na d hulala nyumba moja,
zikiamka zimebadilishana matumbo.
Nimempa mchanga aandike kwa kidole.
Nimemchorea p mgongoni kwa ukucha, akacheka,
akasema namtekenya, tena zaidi.
Nimetumia kalamu nyekundu pia. Naungama.
Mwezi mzima daftari lake liliota surua.

Ndipo Clorinda wa jikoni akaleta ndoo ya viazi,
vya zambarau, vyeusi, vingine vimekunjamana kama ngumi.
"Vimechipua," alisema. "Hata nguruwe wangu atavinunia."

Basi ukurasa wa mwisho tutautengeneza wenyewe.
Kata kiazi katikati, chonga herufi kwa mpini wa kijiko,
chovya kwenye maji ya bitiruti, gandamiza.
Tuanze na neno jepesi, herufi mbili tu: *papa*.
Papa, kwa lugha ya hapa, ni kiazi;
hana mapezi, hana meno,
hajawahi kumtisha mtu.

Nilisahau kuwaambia jambo moja.

Yasna, mwenye mwandiko wa kutundikwa ukutani,
aliinua muhuri wake na kukuta *q*.
Huku *q*, kule *q*, na *a* zilizogeuza nyuso.
"Mwalimu, kiazi changu kibovu!"
Dawati la dirishani tu, kwa rangi ya damu ya mzee,
lilikuwa limeandika
papa
papa
papa
hadi pembeni mwa karatasi, na kidogo juu ya meza.

"Umefanyaje?"
Amaro akapandisha mabega.
"Nimeandika tu."

Kisha akazunguka, dawati kwa dawati, mikono imelowa.
Usiitazame, aliwaambia. Iache ikutazame wewe.
Mimi saa nzima nilikuwa mkata viazi.

Sisemi kwamba siku ile ilimaliza kazi.
Jumatano, ubaoni, p ilimgeuka tena.
Aliitazama kitambo,
akazungusha kiganja hewani kana kwamba ameshika kitu,
akaifuta, akaiandika.

Ijumaa tulianika kurasa juu ya jiko la kuni
kwa mshipi wa kuvulia na vibanio vya nguo.
Bukini wa Yasna alisikia mbwa.
Wa pacha wawili alisikia kengele ya kanisa,
na walikuwa bado wanagombana ni kanisa lipi.
Bukini wa Amaro alisikia *papa*.

Nusura nimwambie: mwanangu, viazi havina sauti.
Kalamu ilikuwa mkononi, kifuniko kimeshatoka.
Halafu nikaona, juu ya *a* ya mwisho,
kistari kilichoinama, chembamba kama mwiba wa samaki,
kimekwaruzwa kwa ukucha uliochovywa bitiruti.
Sikuwa nimewafundisha bado kistari kile,
kinachokitoa kiazi udongoni
na kukifanya baba.

Baba yake hulisha samoni kwenye vizimba vya kusini,
siku ishirini maji, siku kumi nyumba.
Ijumaa ile ilikuwa ya kumi na tisa.

Nikafunika kalamu.
Nikaenda kabatini kutafuta gundi.