Hatua Tatu Kutoka Mlangoni

Ngozi hii ilikuwa imegundishwa ndani ya jalada
la daftari la ushuru wa mafuta ya zeituni, mji wa Tarascon.
Mjalidi hakujua Kiebrania, wala hakuhitaji kujua:
alitaka kitu kigumu, akakata kwa kisu,
akapaka gundi ya kwato, akaenda kula.

Mimi nailowesha kwa sifongo, wiki ya pili sasa.
Gundi inalegea kama uji wa mgonjwa.
Upepo wa kaskazini unagonga madirisha ya hifadhi
na herufi zinajitokeza mojamoja, za kahawia,
zimeinama kushoto
kama watu wanaoukabili upepo huohuo.

Rabi Yekutieli ben Shealtieli.
Maisha yake ninayoyajua yanaenea kiganjani:
alifundisha, aliuza kitani, aliugua macho,
aliwajibu waliomwandikia kuulizia sheria,
na mara moja alilalamikia bei ya wino.

Swali ni la Bonadona, mjane wa mtia rangi.
Alikwenda Arles kumzika dada yake,
akamwachia jirani, Mordofai, sufuria yake ya shaba,
ile kubwa ya kuchemshia rangi ya samawati.
Moto ukazuka mtaani. Mordofai
akatoa magodoro yake, mbuzi wake, ngazi yake.
Sufuria ikapondeka chini ya paa.

Rabi akajibu kwa mistari tisa iliyonyooka:
mlinzi asiyelipwa halipi ajali;
moto ni ajali;
na nani atamlaumu mtu kwa kuokoa chake kwanza?
Akataja wenye hekima watatu, akatia sahihi.
Nimeisoma mara nne. Sioni ufa.

Kisha pambizoni, wino mwingine, mkono uleule
lakini umezeeka, unapapasa kutafuta mstari:

*Nilikosea. Leo nimepita nyumba ile,
imejengwa upya juu ya sakafu ya zamani.
Nikabisha. Nikauliza sufuria ilikaa wapi.
Hakuna aliyekumbuka. Jiwe ndilo lililonijibu:
duara la samawati, hatua tatu kutoka mlangoni.
Aliiruka akiingia, akairuka akitoka,
mara tatu, ya mwisho na ngazi begani.
Sikuuliza ilikaa wapi. Niliuliza vitabu.
Bonadona amekufa tangu Pasaka,
akidaiwa hata bei ya mtungi.
Kwa hiyo nime*

Na hapo kisu.

Nime-nini, mzee wangu?
Nimelipa? Nimechelewa?
Nimemwita Mordofai mbele ya watu?
Nimebandua jalada la nyuma kutafuta kipande kilichobaki.
Kuna orodha ya samaki wa kutiwa chumvi.

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Haya hayakuzaa hata mtoto; yalilala gizani
miaka karibu mia saba, yakishikilia
hesabu za mafuta ya watu wengine.

Fomu yetu ina kisanduku kidogo: *Maudhui*.
Nimeandika: hukumu ya kisheria, haijakamilika.
Nikafuta. Nikainuka, sijui kwa nini,
nikapima kwa miguu yangu kutoka mlangoni,
moja, mbili, tatu.

Ni karibu mno.
Kutoka pale unaisikia barabara,
unahisi baridi ya nje kwenye vifundo vya miguu.