Kigugumizi cha Taa

Raija hakutaka bluu, hakutaka nyekundu,
rangi ambazo vijana wa Oulu huniagiza kila wiki.
Aliweka kofia yake juu ya meza, theluji ikaanza kuyeyuka
karibu na chuma changu cha kulehemu, akasema:
"Nitengenezee upanga wa rangi ya chungwa.
Uzunguke kama taa ya greda langu."

Miaka thelathini na moja amesukuma theluji
saa tisa za usiku, mji mzima umejifunika blanketi.
Mwezi Machi wanamstaafisha.
Taa ya juu ya paa wameshaibadilisha; hii mpya haizunguki,
inapepesa tu, asema, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Basi nikaketi na bomba la plastiki la sentimita tisini,
ndani yake safu mbili za taa zilizopeana mgongo,
kila taa ndogo kuliko punje ya mtama,
kila moja na namba yake, kuanzia sifuri,
maana kompyuta huanza kuhesabu
pale ambapo bado hakuna kitu.

Niliandika: washa ya kumi, zima ya tisa.
Niliandika: panda upande huu, shuka upande ule.
Niliandika: subiri milisekunde nane.
Ukiharakisha, nuru inakuwa uji.
Ukichelewesha, unaona mchwa wakibeba taa.
Usiku wa nne ilizunguka bila dosari,
nikajipongeza kwa kahawa.

Raija aliupunga mara tatu katikati ya chumba.
"Mzuri," akasema, kwa sauti watu wanayoitumia
kusifu supu ya hospitali.
"Lakini taa yangu ilikuwa na kigugumizi.
Niligonga mlingoti, mwaka ule wa barafu nyeusi.
Tangu hapo, kila mzunguko wa tatu, ilikwama,
ikafikiri kidogo,
ikaendelea."

Ilikwama kwa muda gani?
Akafumba macho. Kidole chake kikachora hewani
duara, duara, dua—
ra.
Robo sekunde, pungufu kidogo.

Nikarudi kuharibu.
Sijui kama umewahi kuandika kosa kwa makusudi.
Kosa likija sawasawa kila mara si kosa tena, ni ngoma.
Nikalipa hili langu bahati nasibu:
mara likawie, mara liwahi,
na mara moja moja lisahau kabisa kutokea.

Tulitoka kwenye maegesho, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Betri ililalamika, ikakubali.
Raija akauinua juu ya kichwa, akausimamisha wima,
mahali pake pa zamani, juu ya paa.
Chungwa likapita juu ya theluji, likapita, likakwama,
naye akacheka kabla halijaendelea.

Barabarani, gari la mikate likapunguza mwendo,
likasogea kando,
likampisha.