Mshika Fimbo

Mwezi ule kazi yangu ilikuwa kushika fimbo.
Shilingi mia saba kwa siku, na chupa ya maji.
Mhandisi Odipo anachungulia darubini yake ya miguu mitatu,
mimi nasimama nilipoambiwa, fimbo wima,
nyekundu na nyeupe, tarakimu juu hadi chini.
"Kulia kidogo. Hapo. Usipumue."
Naye anaandika.

Tulianzia Shela.
Niliisimamisha kando ya bwawa la kuogelea
la nyumba ambayo mwenyewe huja Desemba.
Mlinzi, Shali Famau, tuliyesoma naye chuo kimoja,
alinitazama kama hanijui,
kisha akaniletea kiti.
Mita moja na nukta nne juu ya bahari.
Nikaikariri, sijui kwa nini,
kama namba ya simu ya mtu ninayemdai.

Siku ya nne tukafika Wiyoni.
Wiyoni hapahitaji darubini.
Ukutani mwa mama kuna mistari ya chumvi,
kila bamvua na mstari wake,
na ule wa mvua ya mwaka jana unanifika gotini.
Kitanda kiko juu ya matofali.
"Na matofali?" akauliza mhandisi, kwa utani.
"Matofali yako juu ya Mngu," mama akajibu,
akaendelea kuchambua mchele.

Nikaisimamisha fimbo kizingitini.
Mita moja na nukta nne.
Akaniomba nirudie.
Nikarudia.
Mita moja na nukta nne,
sawasawa na bwawa, hata unywele haupiti kati.

Ramani ilikuja mwezi wa saba, ikabandikwa ukumbini.
Shela buluu: mali ya kulindwa. Ukuta wa mawe, na ngazi za kushukia pwani.
Wiyoni nyekundu: wakazi wa kuhamishwa.
Maji yale yale, rangi mbili.
Bibi wa mradi alieleza vizuri, kwa upole,
kwamba kila shilingi ya ukuta lazima iokoe mali ya shilingi tatu,
kwamba hesabu ndiyo iliyoamua, si mtu.
Nyumba ya mama imo katika hesabu hiyo:
mabati chakavu, hati hakuna.
Thamani yake haifiki vigae vya lile bwawa.

Akasema pia bahari inapanda kwa makosa yetu sote.
Mama akaniinamia sikioni:
"Sisi sote, na nani?"
Taa moja. Jiko la makaa.
Gunia la tangu Ramadhani bado liko nusu.

Wahenga walituachia kwamba maji hufuata mkondo.
Mkondo hufuata nini, hawakusema.

Nyanya yangu alitolewa bara kwa bunduki, wakati wa Shifta,
akaja kulala kisiwani wiki moja tu.
Wiki hiyo haijesha.
Sasa viwanja vya kuhamia viko bara, ng'ambo ya Mokowe,
kwa wenye hati.
Nyanya alikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani.
Hati angeiweka wapi?

Bibi wa mradi akauliza kama kuna swali.
Feni inazunguka. Watu wanatazama viatu vyao.
Soda zilikuwa zimepangwa mlangoni, za baadaye.
Mama akainuka, mkono bado una pumba za mchele.
"Mai yaingiapo kwangu hayaniulizi hati.
Na aloshika fimbo ni mwanangu, yule pale.
Mwulizeni."

Ukumbi mzima ukanigeukia.
Mhandisi Odipo naye, miwani mkononi,
macho yake madogo bila ile miwani, kama ya mtoto aliyeamshwa.
Mfukoni mwangu mlikuwa na mia mbili,
zilizobaki katika mshahara wao.

Nikasimama wima, kama nilivyofundishwa.
Nikapumua.